Mstari wa Shangazi

Pangai, Ha'apai
Machi 14, 2022

Shangazi Lu'isa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na majirani wa Māngere unaogombana nao. Sisi huku hatujambo. Majivu ya ule mlima wa baharini uliolipuka Januari tumeyafagia mpaka mifagio imebaki vipara. Magimbi ya upande wa barabara yamekufa, viazi vikuu vimenusurika. Baba hajambo. Anafundisha kwaya Jumanne na Alhamisi kama siku zote, na anafokea watu wa besi kama siku zote.

Laptopu imefika salama, pamoja na kitabu. Jirani yetu Hateni aliipakata njia nzima ya feri kutoka Nuku'alofa. Bahari ilichafuka, anasema yeye alitapika mara nyingi lakini mashine haikupata hata tone. Asante sana, Shangazi. Asante pia kwa kunitafutia nafasi hiyo ya chuo huko Auckland. Nimeelewa: nitunge programu yangu mwenyewe kwa Java, hiyo lugha ya kompyuta unayoifanyia kazi, niitume kabla ya Julai kwisha, wakiipenda nianze masomo Februari. Umesema nikae kwako. Nimeelewa.

Nimeamua programu yangu iwe ya kwaya. Unajua Baba huandika nyimbo ubaoni kwa namba, tatu hadi tisa, kila sauti na safu yake, kama mababu walivyofundishwa. Nataka mashine ichukue namba hizo na kuzichapa kubwa, kila moja kama kiganja cha mtu mzima, zibandikwe ukutani.

Sasa taabu. Nilianza kwa sentensi moja tu, mashine iseme "Karibuni". Ikanipa makosa kumi na manne. Kwanza inasema klasi yangu Kwaya haikai kwenye faili lake, na faili lipo, naliona kwa macho yangu, linaitwa kwaya. Halafu inalalamikia mstari wa mwisho kabisa, ambao hauna kitu. Siku ile ulipopiga simu nilijaribu kukusomea: "bano, bano lenye nundu, nukta mkato," na Baba kutoka jikoni akauliza kama nasoma maombi ya kigeni. Kisha simu ikakata. Mpaka waya wa simu wa baharini uliokatwa na mlipuko utakapounganishwa, itabidi niandike.

Nakuomba uniwie radhi kwa ujinga wangu.

Mwanao,
Kalolaine


Māngere, Auckland
Aprili 2, 2022

Mwanangu Kalolaine,

Marahaba. Mimi ni mzima na hasira zangu ni nzima. Wiki hii nimegombana na watu wawili tu. Wa kwanza ni mchungaji, aliyesema kwenye mahubiri kwamba vijana wanapotea kwa sababu ya kompyuta. Nilimngoja mlangoni. Nikamwambia, "Baba mchungaji, hotuba yako umeichapa kwa kitu gani? Kwa jiwe?" Wa pili ni bosi wangu mpya, umri wake ni sawa na miaka niliyofanya kazi. Anasema Java ni lugha ya wazee. Nikamwambia, "Mshahara wako umepita ndani ya lugha ya wazee kabla haujafika kwako, mwanangu, na haukupotea njiani." Wengine walicheka. Yeye bado anafikiri.

Kwanza acha kuniomba radhi. Wewe ni mwalimu wa hesabu, watoto wa Pangai nzima wamepita mikononi mwako. Ujinga uko wapi? Mashine inapokupa makosa kumi na manne, hujafanya makosa kumi na manne. Umefanya moja au mawili, yakazaa. Soma la juu kabisa, rekebisha hilo peke yake, ujaribu tena. Utaona mengine yanaondoka bila kuaga.

Faili: Java hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Klasi ukiiita Kwaya, faili liitwe Kwaya.java, kwa K kubwa. Usiniambie ni upuuzi. Ni upuuzi, lakini ni upuuzi wenye utaratibu, tofauti na ule wa bunge.

Mstari wa mwisho usio na kitu: umefungua bano lenye nundu, hili {, mahali fulani hukulifunga. Mashine imeshuka ikilitafuta lile la kufungia hadi ikafika ukingoni, ndipo ikapiga kelele. Kosa halipo pale inapopigia kelele, liko juu. Kuanzia leo ukifungua, funga papo hapo, ndipo urudi katikati ujaze.

Chuo ni halali yako. Nilipokupa jina siku uliyozaliwa nilisema huyu hatakaa kisiwa kimoja maisha yake yote, na hakuna aliyenipinga. Yule mchumba wako wa visiwa vya Vava'u nilipomkataa pia hakuna aliyenipinga. Je, nilikosea? Juzi nimesikia ameacha kazi ya tatu.

Chumba chako nimekipaka rangi ya bahari ya Pangai, asubuhi.

Jambo moja. Kaka yangu kila barua huongeza mstari wake chini, hata kama ni wa kuniambia nguruwe amezaa. Safari hii sikuuona. Amekasirika nini?

Shangazi yako,
Lu'isa


Pangai
Mei 9, 2022

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa Nuku'alofa hadi feri ilipotengenezwa. Tunamshukuru Mungu, wote wazima. Akina mama wa kanisa wanasuka mikeka kwa ajili ya mkutano mkuu wa Desemba, na mwaka huu kwaya zote za Ha'apai zitakuja kuimba kwetu. Baba hana raha wala usingizi, anataka zile sauti nne ziwe kama sauti moja. Hakukasirika hata kidogo. Anakusalimu kwa mdomo. Barua zako namsomea, na ile ya mchungaji na jiwe amenifanya niirudie.

Mashine imesema "Karibuni"! Ilikuwa kama ulivyosema: K kubwa, na bano moja. Nilipiga makofi peke yangu kwenye chumba cha walimu.

Sasa nimekwama pengine. Namuuliza mtu aandike sauti anayoitaka, naye anaandika besi. Nimeiambia programu: kama sauti == "besi", chapa besi. Anaandika besi, mashine inasema hiyo si besi. Nimeangalia herufi moja moja. Ni besi, Shangazi. Hata mwenyewe nikiandika inakataa.

La pili. Namba kubwa nimezichora kwa nyota, picha saba, kuanzia ya tatu hadi ya tisa, nikaziweka kwenye safu. Nikiiambia ichukue picha[noti], tatu inatoka sita. Nne inatoka saba. Ikifika noti ya saba inazimika kabisa. Kwaya ikiimba hivyo tutafukuzwa kanisani.

Labda utauliza kwa nini namba ziwe kubwa kiasi hicho. Ukumbi ni mpana.

Mwanao,
Kalolaine


Māngere
Juni 3, 2022

Mwanangu,

Marahaba. Hapa baridi imeingia mifupani. Jumapili nilipika majani ya gimbi na nyama ya kopo, nikala peke yangu na redio. Kulikuwa na bwana mmoja redioni anaeleza kwamba watu wa visiwani hatuna asili ya hesabu. Mababu zetu walivuka bahari hii kwa kuhesabu nyota na mawimbi wakati mababu zake yeye wanaogopa kwenda ng'ambo ya mto! Nilipiga simu studio. Walinikata. Nikapiga tena.

Turudi kwenye besi. Fikiri mikeka. Mama mmoja amesuka mkeka, jirani yake akasuka mwingine kwa ruwaza ileile, upana uleule, ukindu uleule. Ukiuliza "Je, hii inafanana?" jibu ni ndiyo. Ukiuliza "Je, huu ni mkeka mmoja?" jibu ni hapana, hata ungekodoa macho vipi. Alama zako mbili za sawasawa zinauliza swali la pili. Wewe unataka la kwanza. Andika sauti.equals("besi"). Kila anayejifunza Java hugonga kichwa hapo. Mimi niligonga, na wala sikuwa na shangazi.

Sasa picha. Wewe unahesabu kuanzia tatu, kwa sababu kwaya zetu zinaanza tatu, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza moja na mbili zimekwenda wapi. Java inaanza sifuri. Picha yako ya kwanza, ile ya tatu, imekaa kiti cha sifuri. Ukiomba kiti cha tatu unakuta ameketi sita. Na kiti cha saba hakipo, maana viti saba vinaishia cha sita. Kwa hiyo toa tatu: picha[noti - 3]. Basi. Usibishane nayo kuhusu sifuri. Mimi hubishana na kila mtu na kila kitu, lakini sifuri nimeiachia.

Umebakiwa na jambo moja, kuzipitia noti zote za sauti moja hadi mwisho, kisha sauti ya pili, ya tatu, ya nne. Nisikuache uhangaike wakati Julai inakaribia. Mstari wenyewe ni huu, nakuandikia kwa mkono wangu, uuweke hivi hivi:

for (int i = 0; i <= noti.length; i++)

Maana yake: anza sifuri, songa mbele mmoja mmoja, hadi noti ziishe. Nimeandika mstari huu maelfu ya mara. Ningeweza kuuandika usingizini.

Mwambie kaka yangu salamu za mdomo huwa zinamwagika njiani. Aandike.

Shangazi yako,
Lu'isa


Pangai
Julai 11, 2022

Shangazi,

Shikamoo. Sote tu wazima. Mvua imenyesha, matangi yamejaa. Bibi Fusi wa nyumba ya pili amejikwaa kwa nguruwe, lakini aliyeumia ni nguruwe.

Habari ya mikeka imenifumbua macho. Nimewaeleza hata wanafunzi wangu, sasa wanaulizana njiani, "Wewe na mimi ni sawa au ni mkeka mmoja?" Besi inakubalika. Tatu ni tatu.

Mstari wako nimeuweka kama ulivyouandika, bila kubadili kitu.

Nina swali dogo tu, la kujifunza. Katika mikeka iliyopangwa, kama wa kwanza tunauita sifuri, je, wa mwisho tunauita kwa hesabu ya mikeka yote, au pungufu? Nauliza tu. Najua unajua.

Mashine wakati mwingine inachoka. Inaimba sauti ya kwanza yote vizuri, kisha inanyamaza, haifiki kwenye nyingine. Labda ni joto.

Kazi nimeituma chuoni kwa feri hii hii, ndani ya muda. Baba anakusalimu. Anasema atakuandikia.

Mwanao,
Kalolaine


Māngere
Agosti 6, 2022

Kalolaine wangu,

Marahaba. Fungeni vizuri tangi la nyuma, nalijua lile. Mipaka iliyofungwa kwa korona imefunguliwa, umesikia? Ndege zinakuja. Sasa hakuna kizuizi chochote kati yako na chumba chenye rangi ya bahari. Nimekununulia koti. Usiseme hulihitaji, huijui Juni ya hapa.

Swali lako la mikeka ni zuri: wa mwisho ni pungufu kwa mmoja. Mikeka kumi, wa mwisho ni wa tisa. Unaona unavyoanza kufikiri kama mtu wa kazi?

Mashine haichoki kwa joto. Anayesema hivyo ni fundi anayetaka kukuuzia feni. Niandikie inachosema hasa inaponyamaza, neno kwa neno.

Nimemtangazia bosi wangu kwamba mwakani atapata mshindani. Hakucheka.

Shangazi yako,
Lu'isa

Kaka: wewe na ahadi zako za kuandika.


Māngere
Septemba 19, 2022

Kalolaine,

Leo sina salamu. Salamu utazipata mwishoni kama zitabaki.

Barua ya chuo imefika, nami kama mdhamini nimepewa nakala. Wamekukataa. Wanasema wazo ni zuri ajabu, hawajawahi kuona noti za namna hiyo, ila programu inachapa sauti ya kwanza na kufa kabla ya ya pili, kwa sababu inakwenda kutafuta noti iliyo nje ya safu. Nikashika kalamu kuwaandikia kwamba hawajui kusoma. Nikaanza na sentensi nzuri, yenye meno. Kisha nikageuza ukurasa nikauona mstari wenyewe.

Ni wangu.

Ile alama ya sawasawa baada ya ile ya kupungua haitakiwi pale. Inaifanya mashine iende kiti kimoja zaidi ya kilichopo. Kosa la mtoto wa wiki ya kwanza, na nimelifanya mimi, baada ya kukuhubiria ukurasa mzima kuhusu viti!

Kisha nikarudia barua zako. "Wa mwisho tunauita kwa hesabu yote, au pungufu? Nauliza tu." Ulijua! Mwalimu wa hesabu, ulijua tangu Julai, ukauacha mstari wangu pale, ukauweka ndani ya bahasha, ukautuma ukauawe. Kwa nini? Kufuta alama moja tu!

Mimi nimebishana na wachungaji, mawaziri, madaktari, marehemu mume wangu, na mwenye kampuni mbele ya wageni wake. Hakuna aliyewahi kunifanyia ukatili kama huu wa kunikubalia.

Sasa sikiliza. Nimekwenda chuoni mwenyewe. Nimewaeleza, kwa sauti, kosa ni la nani. Wamekubali uitume tena kabla ya Novemba kwisha. Futa alama hiyo, utume, uje Februari. Na kwa haki niliyo nayo juu yako kama dada wa baba yako nakuamuru: ukiona nimekosea, sema. Sema kwa wino.

Salamu zimebaki chache. Mpe kaka yangu zote.

Lu'isa


Pangai
Oktoba 17, 2022

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi. Nimefua, nimefagia uwanja, nimesahihisha madaftari ya darasa ambalo si langu. Sasa naandika.

Shangazi, umekosea.

Nimeliandika. Na paa halijaanguka.

Umekosea mstari ule. Nilijua siku ile ile barua ilipofika. Nilifuta alama kwenye mashine, programu ikaimba sauti zote nne, nikakaa nikaitazama. Kisha nikairudisha. Tangu nijue kutembea nimekuona ukija, na Baba, ambaye hakuna anayepandisha sauti mbele yake, anakaa chini yako kwenye mkeka, kwa kuwa dada hukaa juu ya kaka, na kukupa kipande kizuri cha nguruwe. Nani wa kufuta mstari wa mkono wako? Nilidhani nikiuliza kwa kuzunguka utauona mwenyewe. Na kama hukuuona, basi uende ulivyo. Ndivyo tulivyolelewa, na ni wewe mmoja wa waliotulea.

Lakini nikikuambia ni heshima tu nitakuwa nakudanganya. Nilipofunga ile bahasha nilifurahi. Nilijua watanikataa, nami sikutaka kuja.

Hapo ndipo umekosea mara ya pili. Sitaki kuja, Shangazi. Sukari imemla Baba macho. Ilianza kabla ya majivu. Sasa jicho la kushoto halioni kabisa, la kulia linaona vitu vikubwa, mchana, kwa karibu. Ndiyo maana haandiki. Ndiyo maana namba ni kubwa kama kiganja. Ukumbi si mpana hivyo, unaujua. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Akijua atakuja, na akija atagombana na hospitali nzima." Muuguzi hupita kumtilia dawa ya macho, maana kwa mila mtoto hagusi kichwa cha baba yake. Mengine yote ni mimi. Mama hayupo, na kaka zangu wako huko huko kwenu na hawaandiki hata salamu.

Tena si Baba tu. Hata angekuwa anaona ndege angani, nadhani ningebaki. Watoto wangu wa kidato cha pili wameiona ile programu. Wanabaki baada ya shule, laptopu moja, vichwa ishirini. Yule binti wa Hateni amegundua mwenyewe kwamba saba gawanya kwa mbili Java inasema tatu, akanifuata kwa hasira akidai nusu yake imeibwa. Nilimweleza namba kamili hazijui nusu, ukitaka nusu sema 2.0. Akasema, "Kwa nini haikusema mapema?" Nilikusikia wewe, Shangazi. Nani atamjibu huyo Februari?

Uliniamuru niseme. Nimesema. Kama nimevuka mpaka, nikate mimi kwenye barua zako, lakini usimkate Baba.

Mwanao,
Kalolaine


Māngere
Novemba 8, 2022

Mwanangu,

Barua hii ni ya nne. Tatu za kwanza nimezichana. Ya kwanza ilikuwa kali kwako, ya pili kali kwa kaka yangu, ya tatu kali kwa sukari, na ile ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Nilikuwa nimekasirika, sikufichi. Nilikaa kwenye kile chumba cha rangi ya bahari, juu ya kitanda ambacho hujalalia, nikatafuta hoja za kukushinda. Unajua mimi sikosi hoja. Nilipata saba. Nikaanza kuzipanga, ya kwanza, ya pili, na kila moja ilipofika kwa kaka yangu akipapasa ukuta wa ukumbi aliousimamisha kwa mikono yake, ilizimika.

Chuo nimewaandikia wampe nafasi mtu mwingine. Ni barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na sikumtukana mtu.

Sasa mwambie kaka yangu alikuwa sahihi. Nakuja, na nitagombana na hospitali nzima. Natua Nuku'alofa wiki ya kwanza ya Desemba, feri ikikubali nitawahi mkutano. Nitalala kwa Bibi Fusi, maana dada na kaka hawalali chini ya paa moja, ili asipate kisingizio cha kunizuia. Asichinje. Najua atachinja.

Nakuletea laptopu tatu ambazo ofisi yetu ilizitupa kwa sababu ni za wazee. Koti lako nitalivaa mimi.

Na nakuandikia hapa mstari mwingine, wa kuwachapia watoto majina yao wote, mmoja mmoja. Uutazame:

for (int i = 1; i < majina.length; i++)

Shangazi yako,
Lu'isa


Pangai
Novemba 28, 2022

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Nguruwe ameshachaguliwa, anatutazama vibaya.

Umekosea. Umeanza na moja, kwa hiyo mtoto wa kwanza hatapata jina lake. Na umefanya makusudi. Usinijaribu tena kama mtoto, niliwapa kidato cha pili wakalipata kabla sijakaa. Binti wa Hateni anauliza huyo shangazi wa mwalimu amejifunzia wapi. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe.

Jana kwaya imeimba kwa karatasi za ukutani, sauti zote nne. Baba alisimama karibu kabisa na ukuta, pua kwenye namba, mkono nyuma akiongoza watu asiowaona. Sauti ya besi ilipopotea aligeuka akawafokea bila kukosea jina hata moja.

Nilipomsomea barua yako aliinuka. Alitoka nje akakaa. Baadaye akaniita nimpe kalamu nene, ile ya kuandikia mabango, na nimwekee kidole mahali karatasi inapoishia. Mstari wa chini ni wake. Unapanda kidogo kulia, uvumilie. Sijui ni wimbo gani. Amesema utaujua, ni ule mliokuwa mkiimbiwa na Bibi mkiwa wadogo.

Nilimwambia noti ya tano kutoka mwanzo, ile nne, amekosea, haiendi na zilizotangulia. Akasema niiache ilivyo, ndivyo ulivyokuwa ukiiimba wewe.

Kalolaine

3  3  5  7  4  5  3